Mhariri, Eddie Harris mmemwacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma ile makala yenu ya historia ya jazz, nzuri tu sikatai, Coltrane yupo, Miles Davis yupo, Charlie Parker yupo, lakini mlipofika kwenye soul-jazz, yaani jazz iliyochanganywa na midundo ya soul na nyimbo za kanisani, mkasema ni jazz iliyorahisishwa ili iuze, basi mkapita zenu. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Mtu akiniambia hivyo mi namuuliza swali moja tu, Eddie Harris, yule mpiga saksofoni, unamweka wapi?

Huyu jamaa ni mtoto wa Chicago, kazaliwa 20 Oktoba 1934, baba katokea Cuba, mama New Orleans. Kaanza kuimba kanisani akiwa mdogo, piano nayo kajifunza, halafu akapita DuSable, ile sekondari ya Chicago ambayo mwalimu wa muziki alikuwa Kapteni Walter Dyett, na huyo Kapteni alikuwa mkali kwelikweli, mikononi mwake ndo walipita wapiga saksofoni wakali akina Gene Ammons na Johnny Griffin. Baadaye akaingia jeshini akapelekwa Ujerumani, akawa kwenye bendi ya Jeshi la 7 la Marekani pamoja na mpiga piano Cedar Walton na mpiga tarumbeta Don Ellis. Sasa mtu kapita mikono yote hiyo halafu tuambiwe anapiga vitu rahisi kwa sababu vigumu hawezi? Aa wapi.

Balaa lake lilianza alipofanikiwa. Mwaka 1961 alikuwa Vee-Jay, lebo ya kurekodi muziki iliyomilikiwa na watu weusi wenyewe, akachukua muziki wa ile sinema ya Exodus akaupiga kwa tenori, ile saksofoni ya sauti nzito, lakini huko juu kabisa kwenye noti nyembamba mpaka wengi waliousikia redioni wakadhani ni alto, saksofoni ndogo ya sauti ya juu zaidi. Lebo ikaukata ukawa mfupi ukatosha kwenye singo, yaani sahani ya wimbo mmojammoja, maredio yakaupokea, ukaingia chati za pop na ukauza kwa kiwango ambacho rekodi za jazz hazikukizoea kabisa. Mngedhani watu watamshangilia, kumbe wachambuzi ndo wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, na wanamuziki wenzake baadhi vilevile, eti kajiuza. Kosa lake ni kwamba watu wa kawaida waliipenda!

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana ndo kiini cha barua yangu. Mwaka 1965 huyuhuyu anayeitwa mrahisishaji akarekodi albamu inaitwa The In Sound, kwenye piano yumo Cedar Walton yule wa jeshini, kwenye besi Ron Carter, kwenye dramu Billy Higgins, na ndani yake kuna wimbo Freedom Jazz Dance. Usikilize. Chini mdundo umetulia, unaweza kucheza kabisa, zile noti zinazopigwa kwa pamoja kuusindikiza hazibadilikibadiliki, lakini melodi juu yake haitembei, inaruka, noti moja huku nyingine kule, kama mtu anayepanda ngazi kwa kuruka vidato vitatu vitatu, na ukijaribu kuufuata kwa mluzi utaacha mwenyewe. Huo ulikuwa mtindo wake, hizo nafasi pana kati ya noti na noti, na alikuja kuziandikia mpaka vitabu vya mazoezi. Haya, mwaka uliofuata Miles Davis, huyo mliyempa nusu ukurasa, akauchukua wimbo huohuo akaurekodi kwenye albamu yake ya Miles Smiles akiwa na Wayne Shorter, Herbie Hancock na Tony Williams, na kwenye besi nani? Ron Carter tena! Na hata Miles aliona afadhali apanue nafasi za kupumzika kati ya kipande na kipande cha melodi. Sasa huo ndo muziki uliorahisishwa?

Halafu akaja na mambo ya umeme. Kampuni ya Selmer walikuwa na kifaa kinaitwa Varitone, unakifunga kwenye saksofoni sauti inapita kwenye spika na inaweza kujirudufu chini kwa oktavu, noti ileile kwa sauti nzito zaidi, yaani mtu mmoja unamsikia kama wawili. Wengine walikijaribu pia, Sonny Stitt kwa mfano, ila Harris ndo alikifanya kiwe na maana, na Listen Here kwenye ile albamu ya The Electrifying Eddie Harris ikapigwa kila mahali. Hakuridhika, akaweka kipulizio cha saksofoni kwenye tarumbeta. Mi sauti yake sijawahi kuipenda sana, nasema ukweli, lakini si mtu mvivu anayefanya hivyo.

Juni 1969 Harris akakutana na mpiga piano Les McCann kwenye tamasha la jazz kule Montreux, Uswisi, wakapanda stejini bila mazoezi ya maana, na Benny Bailey wa tarumbeta naye kaunganishwa hukohuko. McCann akapiga piano na kuimba Compared to What, wimbo unaomsema Rais wa Marekani na vita yake bila kuficha, na Harris akaingia na tenori yake hapo katikati, akaongeza moto taratibu bila papara, sijasikia mtu anayesubiri zamu yake vizuri namna ile. Rekodi hiyo, Swiss Movement, ikauza zaidi ya milioni moja. Na Machi 1971 wawili hao wakaja Afrika, wakapiga Accra kwenye tamasha la Soul to Soul siku ya uhuru wa Ghana, pamoja na Wilson Pickett, Tina Turner na Santana, na stejini wakapanda na Mghana mmoja mpiga kibuyu. Gazeti la Kiswahili kuandika historia ya jazz bila hiyo safari mi sielewi kabisa.

Simfanyi malaika. Miaka ya 70 alitoa na albamu ambayo kwa sehemu kubwa anaongea na kuchekesha ukumbi badala ya kupiga, hiyo siwezi kumtetea, na mashabiki wengi walimkimbia. Ila aliendelea kupiga mpaka ugonjwa ulipomzidi, akafariki Los Angeles tarehe 5 Novemba 1996 akiwa na miaka 62.

Ombi langu Mhariri ni kwamba ile sehemu ya soul-jazz muirudie, na mwandishi wenu kabla hajaandika asikilize Freedom Jazz Dance ya Harris kwanza halafu ya Miles, zote mbili, kwa mpangilio huo.

Msomaji wenu wa siku nyingi