Kompyuta Inachora Yenyewe, Sasa Mnatutoza Nini?

Lalamiko limerudi tena: "Chati tatu tu, ndiyo hela yote hii? Kompyuta si inachora yenyewe?" Mteja aliondoka akiamini tumempiga. Basi sisi tunaoandaa chati za vikao vya maamuzi tuseme wazi.

Kuchora ni dakika chache. Unacholipia ni kazi iliyotangulia: kusafisha data, kuondoa mauzo yaliyoingizwa mara mbili, na kuwabana wahusika waseme kikao kinakwenda kuamua nini hasa. Kama swali ni "tufunge tawi lipi?", chati ya mauzo peke yake itawapotosha. Inatakiwa ya faida, ya miezi mingi, matawi yote kwa kipimo kimoja.

Wengi hukimbilia mkato: wanachukua rasimu yetu na kuichora upya wenyewe usiku wa kuamkia mkutano. Mmoja alikuwa na matawi mawili, moja limefikia asilimia 94 ya lengo, lingine 97. Programu ikaanzisha mhimili, yaani mstari wa vipimo pembeni mwa chati, kwenye 90 badala ya sifuri. Pale ukutani nguzo ya tawi moja ikaonekana kama nusu ya nguzo ya mwenzake, na wajumbe wakaanza kujadili kumwondoa meneja! Kikao kikarudiwa, nasi tukaitwa upya, kwa gharama kubwa kuliko ile aliyoikwepa. Chati za duara zilizolazwa kwa pembe ndiyo usiseme: kipande cha mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Mwingine hutuambia, "Wekeni takwimu za matawi yenye matatizo tu, nyingine zinajaza nafasi." Hapo tunagoma, na sababu ni hii. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi na mameneja walijadiliana kwa simu kama chombo cha anga Challenger kirushwe kwenye baridi kali. Walipopima suala la halijoto, walitazama safari ambazo mipira ya kuzibia viungo vya roketi ilipata hitilafu. Zilizokwenda salama hazikuwekwa kando yake. Asubuhi yake chombo kilirushwa, mipira ikashindwa kuziba, na wanaanga saba wakafa. Tume ya uchunguzi ilipozipanga safari zote pamoja, athari ya baridi ilionekana waziwazi.

Kikaoni nako tunakuwepo. Kila mjumbe anapewa nakala, anaitazama kimya, anaandika chaguo lake kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Wapo wanaoona tunapoteza muda, lakini bosi akishasema "mimi naona hivi", chati inabaki pambo.

Yote hayo yamo kwenye bei. Data ikitufikia jioni ya kuamkia kikao, kazi hatuipokei, hata kwa malipo maradufu.