Barua kwa Binti Yangu Aliye Eldoret

Assalaam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako. Unasema mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, huutaki kwa sababu una riba, na unaomba fungu hilo nililipe mimi. Nimekaa nikapiga hesabu.

Ada yako ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Kwa kipimo cha uwezo wa familia umewekwa bendi ya 4: ufadhili wa serikali asilimia 40, mkopo asilimia 30, nyumbani asilimia 30. Yaani 60,000 ni zangu. Hizo usiziwaze. Ni haki yako kwangu, na sitakuja siku moja kukusimanga nazo mbele ya wakwe. Wapo wazazi hapa Majengo, Mombasa, wanaosomesha mtoto kama wanaoweka pesa benki. Mshahara wa kwanza haujaingia, wameshapiga simu. Mambo hayo mimi siyataki.

Fungu la mkopo ni jambo jingine. Ni 60,000 nyingine, na ukiukataa unazikosa pia zile 45,000 za matumizi. Kwa miaka minne inafika 420,000. Riba ya HELB ni asilimia 4, na watu husema ni ndogo. Udogo hauifanyi halali, hapo niko nawe. Lakini hebu jiulize: ni dini peke yake, au na woga wa kudaiwa umo? Kama ni woga, mimi kukulipia hautaondoka.

Basi nimeamua hivi. Hizo 60,000 za fungu la mkopo nitakupa kila mwaka kwa karadha, bila nyongeza hata ya senti. Ukipata kazi utazilipa kidogo kidogo, wala si kwangu: utamlipia ada mdogo wako, ambaye chuo hakiko mbali naye kama anavyodhani. Tutaandikiana, na mjomba wako awe shahidi. Usione baba amekuwa mgumu. Qur'ani yenyewe imetuamrisha deni liandikwe, hata baina ya wanaopendana.

Matumizi nitakutumia 5,000 kila mwezi kwa M-Pesa chuo kikiwa wazi. Hazitoshi, najua, na baridi ya huko inataka mtu ale. Nyingine tafuta mwenyewe. Mkono wako wa hina maharusi wa mtaa huu wanaujua. Huko nako watu wanaoa.

Shangazi yako ananishauri niuze dhahabu za mama yako. Nimemwambia tusirudie maneno hayo. Dhahabu ni mali ya mama yako, mimi sina amri nayo. Ploti ya Mtwapa nayo haiuzwi. Kazi yangu ya kutoa mizigo bandarini unaijua ilivyo. Makontena yalipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli ya SGR, yatolewe huko, ilikuwapo miezi ninarudi mikono mitupu, na sufuria za biriani ambazo mama yako alikuwa akipikia watu wa harusi ndizo zilizotulisha. Mwaka 2022 serikali ikaamuru huduma za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na hali ikapata nafuu. Lakini aliyewahi kuiona bandari imetulia vile, hauzi kitu cha mwisho alichobaki nacho, hata kwa ajili ya chuo. Mzazi akimaliza vyote kwa mtoto wa kwanza, wa pili atasomeshwa na nani? Na yeye mwenyewe akizeeka, atakuwa juu ya nani kama si juu yako?

Barazani bado wananiuliza kwa nini hukusoma TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Tudor. Babu yako alisoma papo hapo enzi za MIOME, kilipokuwa bado chuo cha elimu ya Waislamu, akienda kwa miguu na mchana akirudi kula kwa mamake. Kweli ingekuwa rahisi. Ila kozi uliyoitaka iko huko, na ruhusa nilitoa mimi, kwa hivyo hao niachie mwenyewe niwajibu.

Nipe jibu kabla ya Ijumaa. Ukiikubali karadha, nitazungumza na mjomba wako baada ya swala, na pesa za muhula huu zitaingia wiki ijayo. Ukiona heri uchukue mkopo, niambie pia. Sitakununia, umefika umri wa kuamua hilo, na zile 5,000 zitakuja vilevile.

Wasalaam,
Babako