Barua kwa somo yangu, kutoka Winnipeg

Winnipeg, Januari

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, nawe nisalimie wote hapo Tanga. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima: kazi yangu hasa ni ipi, na kwa nini kijana wa miaka 18 ahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kazi yangu ni kuwashika mkono vijana wanaotoka katika malezi ya serikali. Vijana wangu ni wa Mataifa ya Kwanza, mojawapo ya makundi ya wenyeji wa asili wa Kanada, Waanishinaabe na Wakrii wengi wao, waliolelewa mikononi mwa serikali. Hapa jimboni Manitoba, katika kila watoto kumi walio katika malezi hayo, karibu tisa ni wenyeji wa asili. Sensa ya Kanada ya 2021 iliwakuta ni asilimia 7.7 tu ya watoto walio chini ya miaka 15, lakini asilimia 53.8 ya wanaolelewa katika nyumba za walezi. Usidhani wazazi wao hawakuwapenda. Kwa vizazi kadhaa watoto zaidi ya 150,000 walitiwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwavua lugha na mila zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Aliyekulia bweni bila kubembelezwa, atabembeleza wanawe kwa mfano wa nani? Ukaja na umaskini, maafisa wakauandika kuwa ni uzembe wa mzazi.

Basi kijana akitimiza 18, kama hakuongezewa muda, mlezi halipwi tena na faili lafungwa. Mwenye nyumba anadai mdhamini, na barua kutoka kwa mwenye nyumba wa kabla yake. Ataitoa wapi? Nje baridi imefika nyuzi 30 chini ya sifuri.

Tunaanza na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya afya, namba ya kufanyia kazi, na kadi ya kutambuliwa na serikali kuwa ni mtu wa Mataifa ya Kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito, kwa sababu lazima ijulikane wazazi wake wanatoka jamii ipi, na wapo wasiojua. Unaanza na fomu, unajikuta unatafuta ukoo.

Binti mmoja tulimpatia bibi yake kaskazini, kijiji kisicho na barabara mwaka mzima. Hufikiwa kwa ndege, au magari yapite juu ya ziwa likishaganda. Alikwenda. Sasa bibi humpigia simu kila Jumapili, humuuliza amekula nini, humgombeza kwa Kikrii ambacho binti ndiyo kwanza anajifunza. Kodi bado humsumbua, kazi aliwahi kuiacha, lakini ana mtu wa kumgombeza, somo yangu! Mafunzo ya kupanga bajeti na kupika nayathamini, nami huyafundisha, ila sijaona yakimfaa kijana asiye na wa kumpigia usiku anapougua.

Fomu zetu zinauliza kama kijana anaweza kuishi peke yake. Swali hilo silipendi hata kidogo. Kwetu nani alitolewa nyumbani akiwa na miaka 18 akaambiwa asirudi? Na wazee wa huku wanasema vivyo hivyo, kwamba mtu mzima ni mwenye watu wake.

Yapo ya kushukuru. Tangu Aprili 2022 serikali kuu inagharimia msaada kwa vijana wa Mataifa ya Kwanza waliotoka malezini, hadi watimize miaka 26. Sheria iliyoanza kutumika 2020 inatambua haki ya jamii zao kusimamia malezi ya watoto wao wenyewe, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Februari 2024. Ningependa fedha hizo zilipe nauli za kwenda kwa mabibi kwa wepisi uleule zinavyolipa semina.

Nawe niambie: hapo kwenye kituo chenu cha kulea watoto, mtoto akifika 18 mnamuaga vipi? Nani humtembelea baadaye, na nauli anatoa nani? Niandikie kwa kirefu, nataka kuwasimulia wenzangu kazini.

Akupendaye,
Somo yako