Wenye majumba Malindi, wanunulieni vibarua miwani

Mhariri salaam, mimi ni mkaazi wa hapa Malindi na ombi langu ni kwa wenye majumba na mahoteli, jamani wale vijana mnaowaita wawakatie ua wa mnyaa wanunulieni miwani ya kinga. Mnyaa mwaujua, vijiti vya kijani vitupu, ukikatwa unatoa maziwa meupe. Yale maziwa si mchezo. Panga likipiga yanaruka, na yakiingia jichoni yanababua kile kioo cha mbele, na ubaya zaidi ni kwamba mwanzoni waweza kuhisi kamwasho tu ukaendelea na kazi, maumivu yenyewe yaja baada ya masaa, usiku, jicho limevimba na mwanga huwezi kuutazama.

Kijana wa jirani yangu yalimpata hayo hayo na wala hayakumrukia, alipangusa jasho tu na mkono wenye utomvu. Nyumbani wakamtia maziwa ya mama anyonyeshaye, kesho yake wakamnunulia matone dukani bila kupimwa, na matone mengine yana steroidi, ile dawa ya kushusha uvimbe, kama kidonda kishaingia viini vya ugonjwa yanazidi kuharibu. Alhamdulillah alipofika kwa daktari wa macho alitibiwa akapona, wengi hupona wakiwahi, lakini siku zote hizo hakuingiza hata shilingi na yule aliyemwita kazi hakushika simu yake. Iliniuma sana.

Dawa ya kwanza ni maji. Maji safi mengi hapo hapo, dakika 15 hadi 30 mfululizo, kope umezifunua, halafu hospitali hata kama waona nafuu, na mti wenyewe upige picha kwa simu umuonyeshe daktari. Si mnyaa pekee, hata difenbakia ile ya majani mapana ya madoadoa kwenye mabaraza ya hoteli, maji yake yana chembe kali kama sindano zinazochoma jicho.

Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga tena bila kumtoza, na kwangu mimi kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi, ana macho mawili kama nyinyi. Miwani ya mafundi ipo kila hadwea hapa mjini. Nunueni, na jerikeni ya maji safi iwekwe pale pale wanapokata.

Mkaazi, Malindi