Mzee hana magego, na kila chakula laini kinampandisha sukari

Mshauri wa lishe,

Salamu kutoka Kawangware. Tunaomba msaada wa kupanga mlo wa baba yetu, miaka 69, mwenye kisukari cha aina ya pili na magego karibu yote yameng'olewa. Mafunzo ya kliniki tunayafuata: nusu ya sahani mboga, samaki na kunde kwa wingi, mafuta yasirudiwe, soda hapana. Lakini karibu kila anachoweza kumeza bila kutafuna ndicho kinachopandisha sukari upesi.

Chukua uji. Kikombe cha mililita 300 chenye vijiko vinne vya mezani vya unga wa wimbi, bila sukari, humtoa sukari ya damu kutoka 7.1 hadi 12.8 mmol/L baada ya muda wa saa mbili. Wimbi husifiwa, na ni haki yake, ila unga uliosagwa laini ukachemshwa dakika 20 umeshafanyiwa kazi ya meno na nusu ya kazi ya tumbo. Viazi vitamu vya kuponda ni vilevile.

Ndengu ndizo zimetupa moyo. Hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, zikachemshwa mpaka zipasuke, halafu zikapondwa kwa mwiko pamoja na kitunguu, saumu, tangawizi, nyanya, kijiko cha mafuta, nusu kijiko cha chai cha manjano na pilipili manga kidogo. Kikombe kimoja: 6.9 kabla, 8.7 baada. Siku tuliyozisaga kwa blenda zilifika 10.4, maana blenda huvunja maganda na chembe zinazoshikilia wanga. (Manjano tunaweka kama kiungo. Wauzaji wanaoyanadi kama dawa ya kisukari wanawaponza wagonjwa.) Omena tunazitoa vichwa, tunaziosha kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, tunazikausha kwenye sufuria, tunazitwanga, kisha vijiko viwili vya unga wake vinakwenda juu ya managu yaliyokatwa nyembamba. Hayo anakula vizuri.

Asubuhi ndiyo imetushinda. Ndengu kila siku zinamjaza gesi, na kwa kifungua kinywa anazikataa kabisa. Uji nao hatuwezi kuuondoa tu, kwa sababu anameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kabla ya kula; wanga ukipungua mno sukari inaweza kushuka chini ya 4, na kipimo cha dawa si chetu kukibadilisha.

Tunafikiria hivi: unga wa wimbi uchachushwe siku mbili, tupike vijiko viwili na nusu badala ya vinne, kikombe kijazwe kwa mala isiyo na sukari na kijiko kimoja cha njugu za kusaga. Uchachu huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mafuta na protini za njugu husaidia hapohapo. Kwa hesabu yetu wanga utabaki takriban gramu 25. Je, zinatosha kwa mtu wa dawa hiyo, au turudi kliniki kwanza kabla ya kujaribu hata siku moja?

Pia, tukiomba kwenye kinu cha posho wimbi lisagwe chengachenga, sukari ingepanda polepole zaidi. Lakini ufizi wake umevimba, na uvimbe wa ufizi nao huchangia kupandisha sukari. Tuanze na chenga, au tumpeleke kwa daktari wa meno kwanza?

Wanawe, Kawangware