Kwa Mama Neema, kuhusu mawazo na Meza ya Bwana

Njombe, Jumatatu jioni

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, baridi ni ile ile unayoijua, na Baba Upendo anakusalimu sana. Nilikusudia kukuandikia baada ya kuvuna viazi, lakini Mama Anna amenieleza kwamba tangu Pasaka umeacha kushiriki Chakula cha Bwana, na kwamba mchungaji akishaanza kufunua kile kitambaa cheupe juu ya kikombe, wewe huchukua pochi yako ukatokea mlango wa upande wa kwaya kana kwamba umepigiwa simu. Habari hiyo imenifanya niviache viazi shambani.

Ulimwambia kwamba mawazo uliyonayo juu ya wifi yako yamekuondolea ustahili, kwa kuwa Bwana mwenyewe alisema katika Marko 7 kwamba mawazo mabaya hutoka ndani ya mioyo ya watu. Ni kweli alisema. Lakini soma na Mathayo 4: maneno ya Ibilisi yalimfikia Bwana kule nyikani, naye hakutenda dhambi kwa kuyasikia, bali aliyajibu mara tatu kwa Maandiko. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliufuata mfano huo kwa bidii, hata akakusanya mamia ya aya, kila moja ikiwa jibu kwa wazo fulani la hasira, la huzuni au la tamaa. Angekuwa mtu asiyejiwa na mawazo mabaya, asingehitaji hata aya moja. Wazo kupiga hodi si kosa lako, dada yangu. Kosa ni kulivutia kiti na kulichemshia chai. Mimi mahubiri yakirefuka huwaza maharage niliyoyaacha motoni, na bado sijanyimwa kikombe.

Sasa nitasema jambo litakalokuudhi. Nasikia ule ujumbe wa sauti aliokutumia wifi yako usiku wa kile kikao cha ugomvi wenu wa kiwanja bado umeuhifadhi, na kwamba humsikilizisha kila mgeni anayeingia sebuleni kwako, kisha unausikiliza tena peke yako kabla ya kulala. Mithali 4:23 inatuagiza tulinde moyo kuliko yote tuyalindayo, nawe unalinda simu. Ufute, tafadhali. Mawazo yanayokuja bila kuitwa tutayaombea pamoja, lakini hayo unayaita mwenyewe kwa kidole.

Nirudi kwenye Meza, maana hapo ndipo moyo wangu unapouma. Tulipokuwa kipaimara tulikariri katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther kwamba anayestahili kweli ni yule anayeamini maneno yale, kwamba mwili ulitolewa na damu ilimwagwa kwa ajili yetu. Haikuandikwa kwamba anayestahili ni yule ambaye kichwa chake kimetulia. Najua utanijibu kwa Mathayo 5, ile ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Vema, ila aya hiyo haikusema uiache sadaka ukalale nyumbani hadi Krismasi. Umetii nusu ya kwanza tu, nusu iliyo rahisi.

Kuna jambo nililoligundua juzi nikitayarisha kipindi cha akina mama. Wafilipi 4:8, ile ya kutafakari yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki na safi, huwa tunaisoma peke yake kana kwamba iliandikwa kwa watu waliokaa kimya. Panda juu hadi aya ya 2 uone: Paulo, akiwa kifungoni, anamsihi Euodia, anamsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana, halafu anamwomba mwenzake awasaidie. Wanawake wawili wa kanisa moja, wenye ugomvi ambao hatuambiwi chanzo chake, huenda nao walikuwa na kiwanja chao! Katika aya ya 7 ni amani ya Mungu inayohifadhi mioyo na nia. Basi kwa nini wewe unataka kulinda peke yako, tena ukiwa umejitenga na Meza?

Je, umezungumza na mchungaji, au unamkwepa na yeye? Wifi yako bado anakuja jumuiya, na mkikutana mnasalimiana? Mawe ya mipaka yameshawekwa, au bado mnangoja Mzee Kibona arudi? Nikija wiki ya kwanza ya mwezi ujao, utakubali twende kwa wifi yako pamoja na Mama Anna, bila kuutaja ujumbe ule? Na ile kanga yangu ya maua mekundu, je, bado iko kwako?

Ni mimi dada yako,
Mama Upendo