Kwa swahiba wangu anayetaka kusomea usanifu majengo

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza uzamili wa usanifu majengo Marekani ni wa miaka mingapi. Inategemea shahada uliyo nayo, na wewe una ya jiografia, kwa hiyo wanaokuambia miwili usiwasikilize. Miwili ni kwa waliokwisha kusoma usanifu miaka minne ya shahada ya kwanza. Sisi tuliotoka kwingine tunaanzia chini: mitatu, mara nyingi mitatu na nusu. Na aliyemaliza B.Arch, ile shahada ya kwanza ya usanifu ya miaka mitano, hahitaji uzamili wowote ili apate leseni.

Mimi nusura nipotee hapo hapo. Niliona uzamili wa mwaka mmoja, jina lake zuri, neno usanifu limo, nikajaza fomu mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha nikauliza swali moja tu: una ithibati ya NAAB, bodi ya Marekani inayokagua masomo ya usanifu? Hauna. Ulikuwa wa utafiti, wa watu ambao tayari wana shahada ya kitaaluma. NAAB huithibitisha programu, si chuo, na ni za aina tatu tu: B.Arch, M.Arch (uzamili) na D.Arch (uzamivu). Chuo kimoja kinaweza kuwa na M.Arch yenye ithibati na uzamili mwingine usio nayo, mlango kwa mlango. Kuna majimbo yanayokubali njia nyingine, New York na California yakiwamo, lakini mengi yanataka shahada hiyo, nawe hujui utakuja kufanya kazi wapi.

Jalada la kazi zako lisikutie hofu. Usijichoshe kuchora ramani za nyumba za kubuni. Wanaosoma maombi huzigundua upesi. Wanataka kuona jicho na mkono: picha ulizopiga, vyungu, michoro ya penseli, hata nguo uliyoshona. Ila angalia masharti ya hesabu na fizikia mapema, vyuo vingi vinayo.

Studio, lile darasa la kubuni na kuunda modeli, nisikufiche, inakula usiku. Mwaka wa kwanza nilikata kadibodi na vidole pamoja, na siku ya kutetea kazi mwalimu mmoja aliigeuza modeli yangu juu chini akasema hivyo ndivyo inavyosimama vizuri. Nilinuna wiki nzima. Alikuwa na haki.

Ukihitimu, hujawa msanifu bado. Jina lenyewe linalindwa na sheria mpaka upate leseni ya jimbo. Kuna saa 3,740 za kazi zinazoandikishwa NCARB, baraza la bodi za leseni za usanifu za majimbo, na mtihani wa sehemu sita. Saa hizo unaweza kuanza kuziandikisha ukiwa bado masomoni, basi likizo usizilalie. Mimi nimeshapita sehemu nne.

Kile kiti ulichokiunga kwa mbao za makreti, bado unacho? Kipige picha mchana, karibu na dirisha, unitumie. Nataka kiwe ukurasa wako wa kwanza.

Wako,
Swahiba